Pumzi Iliyokatizwa

Ezron Mbilinyi alikufa akiwa ametulia tuli, kama wanavyofundishwa wafuga nyuki wote wa Unyangala. Kundi la nyuki lilikuwa limehama mzinga na kutua begani na shingoni mwake. Wenzake wawili waliosimama mbali wakamwambia asitikisike, wanakwenda kuleta moshi. Waliporudi walimkuta bado ameketi juu ya kisiki, mikono magotini, midomo imegeuka rangi ya majivu. Hakuna nyuki hata mmoja aliyekuwa amemuuma. Kipumulio, mashine ndogo iliyopandikizwa kifuani mwake, kilikuwa kinafanya kazi. Kiliendelea kukipandisha na kukishusha kifua cha marehemu kwa saa mbili, mpaka daktari alipofika na kukizima.

Hicho kilikuwa kifo cha tatu ndani ya miezi miwili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyefia kwenye benchi la mahakama akisubiri kusomewa hukumu. Wa pili alikuwa babu aliyeketi nje ya chumba cha upasuaji, mjukuu wake akiwa ndani. Wote walikuwa na vipumulio, na vipumulio vyote, vilipofunguliwa, vilikutwa vizima. Mara mbili Daktari Lwitiko Mahenge, mganga mkuu wa mji, aliandika kwamba ni moyo. Mara ya tatu aliandika hivyo hivyo, akakata kwa mstari, akakitia kipumulio cha Ezron ndani ya bahasha na kukipeleka karakana mwenyewe.

Aliyekipokea alikuwa Tusekile Sanga, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye ndiye aliyekuwa akitunza programu za vipumulio vyote vya Unyangala. Yeye pia alikuwa nacho kimoja. Alikuwa msichana wa shule wakati misitu ya misonobari ya nyanda za juu ilipoungua misimu mitatu mfululizo, na moshi ule ulipokwisha, maelfu ya watu wakajikuta vifua vyao vimesahau kupumua. Si kwamba mapafu yalikuwa yameoza. Amri tu ndiyo iliyokuwa haifiki. Tangu siku hizo watu elfu saba na ushee wa mji huo na vijiji vyake waliishi kwa amri ya mashine.

Ukungu ulikuwa umefunga madirisha yote ya karakana asubuhi ile. Tusekile aliunganisha waya, akafungua kumbukumbu za mashine ya Ezron na kuanza kuzisoma dakika kwa dakika, akitarajia kukuta betri iliyolegea au kipimo kilichoharibika.

Kipumulio hakikuwa na akili nyingi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo kuliko punje ya mahindi, na kazi yake ilikuwa kuustua msuli ulio chini ya mapafu, kulala sekunde tatu, kuamka na kuustua tena. Lakini programu yenyewe haikuruhusiwa kugusa saa wala waya. Kila ilichotaka iliuomba mfumo endeshi: naomba kulala, naomba kusoma mapigo, naomba kutuma umeme. Na maombi hayo hayakwenda uchi. Miaka thelathini na moja iliyopita Mzee Ambakisye Tweve, mwalimu wake Tusekile, alikuwa ameandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, maktaba ya programu tayari aliyoiita Ganda. Ganda lililifunika kila ombi kwa makro, ili anayeandika programu asihangaike na majibu ya ajabu ambayo mfumo hutoa mambo yanapokwenda mrama. Makro ni jina fupi tu. Kabla programu haijageuzwa kuwa lugha ya mashine, jina hilo hufutwa, na mahali pake huandikwa maneno marefu yaliyojificha nyuma yake. Anayeisoma programu huliona jina. Mashine huyaona maneno.

Kumbukumbu za Ezron zilionyesha kwamba saa nne na dakika kumi na mbili mashine ilistua msuli wake na kwenda kulala sekunde tatu. Haikuamka. Nusu sekunde baadaye ililala tena. Nusu sekunde nyingine ikalala tena. Tusekile alisogeza kurasa akaona neno hilohilo limejipanga kama siafu, lala, lala, lala, mara mia tano na zaidi, dakika nne na ushee bila pumzi hata moja. Kisha moyo wa Ezron ulipoishiwa nguvu na kuanza kupiga polepole, mashine ikalala sekunde tatu kamili, ikaamka, ikastua, na ikaendelea vizuri kabisa kumpulizia mtu ambaye hakuwepo tena.

Alilifungua Ganda na kuliamuru limwonyeshe maneno yaliyojificha nyuma ya ombi la kulala. Yalikuwa machache. Lala kwa muda huu. Ukikatizwa, lala tena kwa muda huu.

Aliyasoma mara mbili kabla hajaliona kosa. Mfumo endeshi, usingizi unapokatizwa na kengele, yaani ishara ya dharura kutoka kwenye kipimo, hurudisha jibu na pia hutaja muda uliobaki. Ganda halikuuliza muda uliobaki. Lilianza sekunde tatu upya. Kengele ikilia mara moja, pumzi huchelewa kidogo na hakuna anayejua. Kwa miaka thelathini kengele ya moyo ilikuwa ikilia mara moja tu. Lakini mwaka jana vipimo vipya vililetwa, ambavyo hulia kwa kila pigo pale moyo unapokwenda mbio ilhali mwili umetulia, ili daktari apate picha kamili. Kengele kila nusu sekunde. Usingizi wa sekunde tatu ambao haufiki mwisho. Na fomu ya kuvikubali vipimo vile ilikuwa na sahihi yake, Tusekile Sanga.

Moyo kwenda mbio ilhali mwili umetulia. Yule mama kwenye benchi la mahakama. Yule babu nje ya chumba cha upasuaji. Ezron na nyuki zake.

Hofu, aliwaza. Ni watu walioogopa.

Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameketi, kwamba moyo wake ulikuwa unapiga mpaka masikioni, na kwamba pumzi yake iliyofuata haikuja.

Aliisubiri. Alifungua mdomo, na kifua hakikuitikia. Alijaribu kujiambia atulie, na kadiri alivyojiambia ndivyo moyo ulivyozidi kukimbia. Aliona herufi za kioo cha kompyuta zinaanza kuelea. Basi mwili wake, ambao haukujua lolote kuhusu makro, ukafanya kile ambacho miili hufanya: ukaruka. Kiti kilianguka nyuma yake. Akajigonga kwenye kabati, akageuka, akaukimbilia mlango, na kabla hajafika hewa ikamwingia kwa kishindo kama mtu aliyesukumwa majini na kuibuka.

Alizunguka chumba kile, meza hadi dirisha, dirisha hadi meza, akilia bila sauti. Alipopunguza mwendo pumzi ilichelewa, akauongeza. Alielewa. Mwili ukitembea, kipimo huona ni haki ya moyo kwenda mbio, nacho hunyamaza. Kengele isipolia, usingizi hufika mwisho. Mtu aliyeogopa angeweza kupona kwa kutembea tu. Ila hakuna aliyejua, na mtu mwenye kipumulio alikuwa amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba akijisikia vibaya aketi chini, atulie.

*

Daktari Lwitiko alimsikiliza akiwa amesimama ukumbini, kwa sababu Tusekile alikataa kuketi na alikuwa akienda na kurudi mbele yake. Daktari alikuwa mgeni, alikuja Unyangala baada ya moto, na kifua chake kilipumua chenyewe. Aliuliza kama kosa linaweza kusahihishwa kutoka mbali. Tusekile akamjibu kwamba haliwezi. Sheria ilikataza kuingia kwenye mashine ya kifuani mwa mtu kwa mawasiliano yasiyo na waya, na yeye mwenyewe aliiunga mkono sheria hiyo. Daktari aliuliza kama kuna sehemu moja ya kurekebisha. Tusekile akamweleza kwamba makro hunakiliwa kila inapotajwa, kwa hiyo kosa lilikuwa limesambaa sehemu mia sita ndani ya kila kipumulio. Hapakuwa na kiraka. Ilibidi kila mtu alale kitandani, achomekwe waya, mashine yake izimwe kwa dakika moja na nusu huku mtu akimpumulisha kwa puto la mkono, kisha iwashwe na programu mpya. Mafundi waliokuwepo wangeweza watu thelathini na tano kwa siku.

Daktari alipiga hesabu kimoyomoyo. Ilikuwa zaidi ya nusu mwaka.

"Usimwambie mtu," alisema. "Tunawaita kidogokidogo, tunawaambia ni ukaguzi wa kawaida."

"Na watakaokufa kabla ya zamu yao?"

"Injinia, ukisimama kesho ukawaambia watu elfu saba kwamba hofu itawaua, watafanya nini?"

Tusekile alijua. Alikuwa ameshaonja mwenyewe asubuhi ile, peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa akiifahamu mashine kuliko wote. Aliwaona watu mezani wakila, kanisani wamepiga magoti, wamelala kando ya wake na waume zao, habari ikiwafikia kwa simu. Wangeshika vifua vyao na kutulia.

Hata hivyo alisema kwamba watu wanaweza kuambiwa watembee. Daktari akakubali kuwa hilo lina maana, kisha akauliza swali ambalo Tusekile alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. Kulikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili wenye vipumulio ambao hawakuweza kuinuka vitandani. Hao wangetembea vipi?

*

Mmoja wao alikuwa Mzee Ambakisye. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mguu na mkono wa kulia, na alilala kwenye chumba kilichoelekea bustani ya viazi, akisomewa habari na binti yake. Tusekile alikwenda kwake mchana huohuo. Alihitaji kujua kama Ganda lilikuwa na maombi mengine yenye kosa kama lile, na hakuna mtu mwingine duniani wa kuulizwa. Njiani alijipangia maneno. Angeuliza kwa juujuu, kama mtu anayeandika historia ya maktaba.

Mzee alifurahi kumwona. Alimuuliza habari za karakana, akalalamika kuhusu baridi. Tusekile akasimama dirishani na kusema, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, kwamba alitaka kujua jinsi alivyoamua kushughulikia maombi yanayokatizwa.

"Unarudia ombi," alisema mzee. "Kusoma, unarudia. Kuandika, unaangalia umeandika kiasi gani, halafu unarudia kilichobaki."

"Na kulala?"

Macho ya mzee yalitoka usoni mwa Tusekile yakaenda kwenye dari, na Tusekile akamwona akiisoma ile mistari kule juu, mistari aliyoiandika akiwa kijana wa miaka thelathini na tano. Akamwona anafika mwisho wake.

"Nilikuwa na haraka," alisema mzee polepole. "Watu walikuwa wanakufa kila siku. Nilisema nitarudi kuitengeneza ile." Kisha akamtazama. "Ezron?"

Ilikuwa imechelewa kumdanganya. Shuka juu ya kifua chake ilikuwa imeacha kupanda. Mkono wake mzima ulishika ukingo wa kitanda, na macho yakaanza kutoka nje.

Tusekile hakufikiri. Alipanda kitandani kwa viatu vyake, akaingiza mikono chini ya makwapa ya mzee, akamwinua na kumkumbatia na kuanza kumtikisa. Alimyumbisha kulia na kushoto, mbele na nyuma, mzito kama gunia lililolowa. Binti wa mzee alikuja mlangoni akaona mwalimu wa zamani na mwanafunzi wake wamekumbatiana wakiyumba kama walevi, akapiga ukelele. Tusekile aliendelea. Akahesabu hadi tisa ndipo aliposikia hewa ikiingia kwa mzee, ikikwaruza, na nyingine nyuma yake.

Hakuthubutu kuacha. Alimyumbisha kwa karibu saa nzima, mpaka mapigo ya mzee yaliposhuka, na mabega yake mwenyewe yakawa hayana hisia. Alipomlaza, mzee alikuwa analia upande mmoja wa uso, ule ulioweza kulia.

"Sisi tuliolala usituambie," alisema. "Tutengenezeni sisi kwanza. Halafu ndiyo uwaambie hao wanaotembea."

"Ni siku tisa, mzee. Wanaotembea watakuwa hawajui kwa siku tisa."

"Najua ninachokuomba."

Akasema programu mpya ijaribiwe kwake yeye kwanza. Na alifanyiwa hivyo, asubuhi iliyofuata, Daktari Lwitiko akibonyeza puto. Ilifanya kazi.

*

Kwa hiyo Tusekile alinyamaza siku tisa. Kila alipokumbuka baadaye, alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi siku ya kwanza, na jinsi ilivyozidi kuwa ngumu kila siku iliyofuata.

Waliwaambia waliolala kwamba ni ukaguzi wa kawaida. Waliwaambia hivyo pia wauguzi. Mmoja wa wauguzi hao aliitwa Bupe Luvanda, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha ghafla, ambaye alikuwa na kipumulio tangu utotoni na alikuwa na namna ya kuwaondolea wagonjwa woga kwa kuwasimulia ugomvi wake na kuku wa jirani. Alikuwa anamshika mgonjwa mkono wakati mashine imezimwa. Tusekile alimtegemea kuliko mtu yeyote.

Yeye mwenyewe aliishi siku zile kama mtu aliyebeba chungu cha maji kichwani. Alikula amesimama. Mlango ulipofungwa kwa kishindo, alianza kutembea kabla hajajua ameshtuka. Alitazama watu sokoni wameketi na kumenya njegere, akawahesabu wale waliokuwa na alama ndogo ya kovu chini ya shingo, akataka kupiga kelele na akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya saba, Bupe alimkuta akizunguka uani mwa karakana, akamtania kwamba ataimaliza ardhi. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo. Alisema ukaguzi wa kawaida hauwi na macho ya namna hiyo. Tusekile aliufungua mdomo. Neno lilikuwa pale, neno moja tu, ukiogopa tembea, na lisingemchukua muda. Lakini Bupe angeuliza kwa nini. Bupe angejua, na Bupe angekuwa amemshika mkono mgonjwa aliyelala, na mgonjwa angeusoma uso wake.

"Nimechoka tu, dada," alisema Tusekile.

Bupe akamgusa bega. Akasema yeye atakwenda ng'ambo kwa gari la kamba kuwaandaa wagonjwa watano wa kule, ili Tusekile apate kupumzika kidogo. Tusekile akamshukuru.

Gari la kamba lilikuwa njia fupi ya kuvuka bonde, chumba cha vioo kinachoning'inia kwenye waya mita mia mbili juu ya mto. Upepo uliinuka saa tano. Gari lilisimama katikati, waya ukaanza kulia kwa upepo, na mwendeshaji, kama alivyoelekezwa na kanuni za kazi yake, akawaamuru abiria wote waketi sakafuni na wasitikisike. Kwa dakika ishirini hakuna aliyetikisika. Walipovutwa hadi ng'ambo, watu sita walisimama, na Bupe Luvanda akabaki ameketi ameegemea kioo, kifua chake kikipanda na kushuka vizuri.

Tusekile alipoletewa habari hizo alitembea kutoka karakana hadi mwisho wa mji na kurudi, na kwenda tena, mvua ikimnyeshea. Hakulia. Aliogopa kwamba akilia atapiga magoti, na akipiga magoti atatulia. Siku mbili zilikuwa zimebaki, na vitanda sitini na nane. Alirudi ndani akaendelea na kazi.

*

Siku ya kumi, saa tatu asubuhi, redio ya mji ilipiga ngoma za mwendo, na mtangazaji akawaomba watu wote wenye vipumulio watoke nje na watembee. Popote walipo, watembee, wala wasisimame mpaka waambiwe. Hakueleza sababu. Wengi walidhani ni zoezi la afya, wakacheka. Wauguzi waliwekwa kila kijiji kuhakikisha hakuna aliyeketi.

Uwanjani watu elfu mbili walizunguka kwa safu nene, akina mama na vitenge mabegani kwa ajili ya baridi, wanaume wenye makoti, walimu, wakulima wa viazi. Waliachwa wazunguke robo saa nzima mpaka miili yao ilipopata moto. Tusekile alikuwa juu ya lori katikati ya uwanja, ameshika kipaza sauti kilichounganishwa na redio, akikanyaga palepale mguu huu na mguu ule.

Aliwaambia. Alitumia maneno mepesi aliyoyaandika na kuyafuta mara nyingi. Alisema ndani ya vipumulio kuna kosa. Alisema ni kosa gani, na linaamka lini, na kwamba maadamu mtu anatembea haliwezi kumgusa. Kila baada ya sentensi mbili alisema, "Tembeeni." Alisema nani aliandika Ganda na nani alitia sahihi vipimo vipya.

Aliuona woga ukipita katika zile safu. Vichwa viliinuka, mikono ikaenda vifuani, na safu yote ikaongeza mwendo, karibu ya kukimbia, vumbi likipanda. Mwanamke mmoja alianza kuita jina la Mungu kwa kila hatua. Watu walishikana mikono na kuvutana. Hakuna aliyeanguka. Tusekile alihesabu dakika, tano, kumi, na hakuna aliyeanguka.

Halafu akasema jambo la mwisho, ambalo Daktari Lwitiko alikuwa amemwomba asiliseme. Alisema kwamba alilijua kosa hilo siku kumi zilizopita, na akaeleza kwa nini alinyamaza.

Katika safu ya tatu mwanamume mmoja alisimama. Alikuwa Obadia Luvanda, mume wa Bupe, bado amevaa koti jeusi la mazishi. Watu walimpita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe. Tusekile alijua kwamba naye ana kipumulio. Akasema kwenye kipaza sauti, "Kaka Obadia, tembea," na sauti yake ikavunjika. Hakutembea. Alikuwa anamtazama.

Tusekile alikitupa kipaza sauti, akaruka kutoka kwenye lori na kukimbia, akipenya katikati ya watu. Alipomfikia, midomo ya Obadia ilikuwa imeanza kubadilika. Alimshika koti na kumvuta, na mtu yule mkubwa hakusogea.

"Asubuhi ile," alisema Obadia kwa hewa kidogo aliyobaki nayo. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Alimvuta tena kwa nguvu zake zote. Wanaume wawili wa safu ya nyuma wakamshika Obadia mabega na kumsukuma, miguu yake ikaburuta, ikajikwaa, na hatimaye ikaanza kupiga hatua. Walimzungusha uwanja mara tatu kabla hajaweza kutembea mwenyewe. Hakumtazama Tusekile tena siku hiyo.

*

Kesho yake, ukaguzi ulipofunguliwa kwa watu wote, foleni ilitoka mlangoni mwa karakana, ikazunguka uwanja wa shule na kujikunja mara mbili, na hakuna aliyesimama. Ilikuwa foleni inayotembea palepale, maelfu ya miguu ikikanyaga ardhi. Obadia Luvanda alikuwa wa kwanza. Alikuwa amefika kabla jua halijatoboa ukungu.

Daktari Lwitiko alimkaribisha, akachukua puto. Obadia akatikisa kichwa. Alisema anataka libonyezwe na yule, akimwonyesha Tusekile kwa kidevu.

Daktari alianza kusema kwamba si utaratibu. Tusekile alinyoosha mkono, akalichukua puto.

Obadia alivua shati, akalala kitandani. Fundi akachomeka waya na kuhesabu, na mashine ikazimwa. Tusekile alimfunika pua na mdomo, akabonyeza. Kifua kikapanda. Akaachia, kikashuka. Alihesabu tatu, akabonyeza tena. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unamwenda mbio, na yeye alikuwa bado hajabadilishiwa. Jina lake alikuwa ameliandika la mwisho kwenye orodha. Akaanza kukanyaga palepale huku anabonyeza, mguu huu, mguu ule, akijitahidi mkono usiyumbe. Macho ya Obadia yalikuwa wazi. Hayakuwa na hasira ambayo Tusekile angeweza kuitambua, wala msamaha. Yalimtazama tu, bila kupepesa, dakika nzima na nusu, na kila pumzi aliyoivuta ilitoka kwenye kiganja cha mwanamke huyo.

Fundi akasema tayari. Tusekile aliondoa puto. Kwa kitambo kifua kilibaki chini, kisha kikapanda chenyewe.

Obadia aliinuka polepole. Alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka shingoni, akalivaa koti lake. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Mkono wako unatetemeka," alisema. "Utulize. Watu ni wengi huko nje."

Tusekile alifuta puto kwa kitambaa, akaita jina la pili.